Mwezi Ndani ya Televisheni ya Chogo

Siku mume wangu alipotangaza kwamba darubini yake inaondoka, nilikuwa nakunja pindo la suruali ya mteja na pini nimezibana midomoni, kwa hiyo sikuweza kumjibu papo hapo.

“Nimeshaongea na mpwa wangu,” alisema kutoka kwenye kiti chake. “Jumapili jioni anakuja na pikapu. Ataipeleka kwenye ile shule anakoshusha madawati. Darubini ya kipofu ni ya nini? Ya kuanikia soksi?”

Nikatoa pini moja moja, nikazichomeka kwenye kimto changu.

“Wewe si kipofu. Leo asubuhi umeniambia gauni langu limefumuka kwapani.”

“Gauni lako ni kubwa, mama. Mwezi ndani ya kile kitundu ni mdogo.”

Aliyasema kama mzaha, ila uso haukucheka.

Niyaeleze macho yake kidogo, maana ndiyo yaliyotufikisha hapo. Alikuwa fundi saa maisha yake yote ya kazi, mtu wa kuokota kwa koleo skrubu ambayo mimi nikipiga chafya tu inapotea. Kisha ikaja presha ya macho, ile inayokula pole pole bila kuuma. Jicho la kulia likazima. La kushoto likabaki na kipande cha pembeni, upande wa nje, na akitaka kukuona lazima ageuze kichwa kando kama kuku anayesikiliza. Darubini haitaki hivyo. Kile kitundu cha kuchungulia kinataka jicho linyooke, na jicho la mume wangu likinyooka halioni kitu.

Daktari alimwambia dawa ya matone italinda kilichobaki, ila haitarudisha kilichokwenda. Yeye akasikia ile nusu ya pili tu. Akaanza kugawa vitu. Koleo zake na miwani ya kukuzia vikaenda kwa kijana aliyemfundisha kazi. Baiskeli ikaenda kwa jirani. Taa ya mezani hata sijui ilikwenda kwa nani, niliikosa tu siku moja. Na kila kitu kilipotoka mlangoni, yeye alizidi kuzama kwenye kiti. Darubini ndiyo iliyobaki. Aliikusanya kipande kipande kwa miaka, akaiunganisha mwenyewe, akaijengea kibanda cha mabati juu ya paa letu la zege. Ngazi za kwenda huko hakuwa amezikanyaga tangu jicho la kulia lizime.

Nilijua ikiondoka hiyo, hakuna kitakachomwinua tena. Atakaa pale hadi niwe namfuta vumbi pamoja na kabati.

Nikasema moyoni, haitoki. Nikajifunga kibwebwe.

Wazo nililipata kwenye mpira. Televisheni yetu ni ile ya zamani, yenye chogo nyuma, nzito kama jiwe la kusagia, na kila mtu anayeingia sebuleni hutuuliza kwa nini hatujaitupa. Lakini kioo chake ni kikubwa na kinawaka sana. Mume wangu akikaa mbele yake, kichwa amekigeuza, anaona mpira mzima. Anamwona mchezaji ameotea kabla ya mwamuzi. Sasa nikajiuliza, mtu anayeona mpira ule mdogo kwenye televisheni, akiwekewa mwezi mzima humo ndani ataukosaje?

Mjukuu wetu, binti wa mwanangu wa kwanza, ni nesi. Alikuwa na kamera ndogo ya mfukoni, ya dijitali, aliyoisahau kwenye droo tangu watu walipoanza kupiga picha kwa simu. Nilikumbuka kwamba siku ya harusi yake aliichomeka kwenye televisheni yetu kwa waya wenye ncha ya njano, tukaangalia picha wote. Nikampigia simu.

“Mke mwenza,” nikamwambia, “ile kamera yako bado inapumua?”

“Inapumua, bibi. Unataka kumpiga picha nani? Bwana wetu amependeza?”

“Bwana wetu amenuna. Nataka kupiga mwezi.”

“Mwezi upi?”

“Kwani kwenu huko mnayo mingapi?”

Alicheka mpaka wagonjwa wakasikia, nadhani. Lakini jioni, alipotoka zamu, aliniletea kamera, chaji yake na ule waya. Akanionyesha pa kuwasha, pa kubofya, pa kuvuta karibu, na palipo na alama ya saa, ambapo ukibofya kamera inasubiri kidogo kisha inajipiga yenyewe. Nikamwambia anionyeshe tena. Akanionyesha tena. Mimi shule yangu iliishia ya msingi, lakini kitu nikionyeshwa mara mbili hakinitoki.

“Bibi, na kule juu utaishikilia vipi kwenye darubini? Mkono ukitetemeka tu, picha imekwisha.”

“Mkono nitaushona,” nikamwambia.

Na ndivyo nilivyofanya. Kabla ya kulala nilichukua mguu wa suruali ya jinzi iliyokatwa, nikaweka ndani kile kitambaa kigumu cha kola, nikatia lastiki pande zote mbili. Upande mmoja unakaba kamera kwa mbele, upande wa pili unavaa kile kitundu cha darubini, na katikati kioo kinatazamana na kioo. Nilipima kamera urefu, upana na unene, nikaandika chaki kwenye kitambaa, nikashona mishono miwili miwili. Kilikaa sawasawa, hata kukunjamana hakuna. Nilijisifu mwenyewe.

Siku iliyofuata jua lilipokuwa linazama nikapanda juu. Mwezi ulikuwa tayari uko angani, mwembamba lakini umeanza kushiba. Nikafungua kibanda, nikaisukuma darubini nje na miguu yake mitatu, nikahangaika hadi nikauingiza mwezi kwenye kitundu. Nikavika mkono wa jinzi, nikachomeka kamera, nikaiwasha.

Ikalia. Kree, kree, kree. Kioo chake cha nyuma kikaandika maneno nisiyoyajua, kikazima.

Nilikaa chini kwenye zege, kamera mapajani, jasho linanitoka. Kamera ya watu! Nikaikagua pole pole ndipo nikaona. Kamera ile ikizimwa, pua yake inajificha tumboni. Ikiwashwa, pua inatoka nje, ndefu kama kifundo cha kidole. Na mimi nilikuwa nimeipima imezimwa! Miaka yote nimewaambia wanafunzi wangu wa cherehani kwamba suruali haipimwi mteja amekaa, kisha mwenyewe nampimia mteja amelala. Pua ilitaka kutoka, ikakuta jinzi imekaza, ikagoma.

Nikatoa betri, nikairudisha, nikaomba kimoyomoyo, nikawasha kamera ikiwa uchi. Pua ikatoka taratibu. Nilipumua.

Nilishuka. Mume wangu alikuwa palepale, redio inamsomea habari.

“Ulikuwa unafanya nini huko juu?”

“Naanika soksi.”

Hakuniuliza tena. Usiku huo nilifumua mshono, nikaongeza kipande, nikapima tena kamera ikiwa macho.

Alhamisi kamera ilikaa vizuri na pua ikapata nafasi yake. Mwezi ukaonekana kwenye kioo cha nyuma, ndani ya duara jeusi. Nikavuta karibu kidogo, duara likaondoka kwenye pembe, mwezi ukajaa. Nikabofya. Nikabofya tena. Nikashuka ngazi nimekumbatia kamera, nikachomeka ule waya wa njano nyuma ya televisheni.

“Mzee, hebu tazama.”

Akageuza kichwa, shingo ikanyooka. Kwenye kioo kulikuwa na kitu cheupe pee, hakina alama wala kovu.

“Umepiga picha balbu ya chooni,” alisema.

“Ni mwezi huo!”

“Mwezi una uso, mama. Hiyo ni balbu. Na imetikisika.”

Moyo ulinivunjika kidogo, sitaficha. Nilianza kuchomoa waya. Nilipokuwa nimempa kisogo, akasema kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na redio:

“Kamera imeona giza limejaa pembeni, ikadhani kila kitu ni giza. Ikajaza mwanga. Lazima kuna mahali pa kuipunguzia.”

Nikageuka haraka. “Wapi?”

“Mimi nitajuaje? Nimesema tu. Jumapili inaondoka.”

Nikampigia mjukuu. Akaniambia nibofye pale penye alama ya kujumlisha na kutoa, niteremshe upande wa kutoa, na flashi niizime kabisa. “Bibi, ulikuwa unaumulikia mwezi kwa flashi?” akauliza. Nikamwambia asimwambie babu yake.

Ijumaa ilikuwa mawingu kutoka upande hadi upande. Nilipanda mara kadhaa, nikashuka mara hizo hizo. Mume wangu alinisikia nikipita.

“Pumzika, mama. Magoti hayo utayahitaji.”

“Magoti ni yangu.”

“Unataka nini lakini?”

Nikasimama mlangoni. “Nataka uutazame mwezi kabla hujaamua kwamba huwezi kuutazama.”

Nikasikia anapandisha sauti ya redio.

Jumamosi mawingu yalikaa mchana kutwa. Nilishona begi la shule, nikabadilisha zipu mbili, na kila nikifika mwisho wa mshono nilitoa kichwa dirishani. Jioni, mwanga wa jua ukiwa bado kwenye kuta za nyumba za jirani, mawingu yakaanza kukatika. Niliacha mkasi umeachama mezani, nikapanda.

Mwezi ulikuwa nusu kamili, juu utosini. Nilipokuwa nasogeza darubini kuelekea huko, skrubu moja ikalia. Kutoka chini, kupitia dirishani, nikasikia sauti ya mume wangu:

“Hiyo siyo! Hiyo ni ya mguu! Legeza ya juu yake!”

Miezi mingi hakuwa amepaza sauti namna ile. Nikalegeza ya juu. Darubini ikageuka laini.

“Hiyo ndiyo,” sauti ikasema, kisha dirisha likafungwa kwa kishindo, nadhani alijikasirikia.

Nikaweka kamera. Flashi imezimwa. Mwanga nimeuteremsha hadi mwisho. Na safari hii, kwenye kioo kidogo cha nyuma, mwezi ulikuwa na uso. Upande mmoja ulikuwa unang’aa, upande wa pili umemezwa na giza, na pale vinapokutana kulikuwa na mashimo juu ya mashimo, kingo zake zimepigwa na jua. Nimelala na mume huyu akinisimulia mashimo hayo tangu ujana wetu, nikiitikia “ehe” huku nawaza bei ya uzi. Sasa nikayaona.

Lakini nikibofya, darubini inatikisika na picha inakuwa ukungu. Nikatumia ile alama ya saa, kamera ijipige yenyewe mkono wangu ukiwa mbali. Hapo likazuka jingine. Wakati kamera inasubiri, mwezi nao hausubiri. Unatembea. Kamera ilipopiga, nusu ya mwezi ilikuwa imeshatoka. Nikaurudisha katikati, ukatoka. Nikaukimbiza, ukatoka. Na huku magharibi bonge la wingu linakuja.

Nikaacha kuukimbiza. Nikajiuliza kama fundi cherehani, na siyo kama mtu mwenye wasiwasi. Kwenye cherehani sindano haikimbizi kitambaa. Sindano inakaa mahali pake, kitambaa ndicho kinachokuja. Nikaisukuma darubini mbele ya mwezi, nikaona kioo kinabaki na mwezi kwenye ukingo tu, nikabofya, nikarudi nyuma hatua moja, nikaficha mikono kwapani nisiguse kitu. Taa nyekundu ya kamera ikapepesa, ikapepesa. Mwezi ukaingia wenyewe, polepole, kama mgeni mwenye heshima zake, na ulipofika katikati kamera ikasema tik.

Nilipiga nyingine, na nyingine, hadi wingu likafika likafunika kila kitu. Sikujua kama nimepata. Kile kioo cha nyuma ni kidogo kama stempu, na macho yangu mimi nayo si ya juzi. Nilishuka nikiwa nimeshika ukuta.

Mume wangu alikuwa amezima redio. Amekaa tu, mikono magotini.

“Balbu nyingine?” akauliza.

Nikachomeka waya, nikazima taa ya sebuleni, nikabofya. Picha ya kwanza ilikuwa ukungu. Ya pili imekatwa nusu. Nikabofya ya tatu.

Sebule nzima ikabadilika rangi. Mwezi ulijaa kwenye televisheni ya chogo kutoka juu hadi chini.

Mume wangu akageuza kichwa, akakirudisha, akakigeuza tena. Akajivuta mbele ya kiti. Kisha akapiga magoti sakafuni, mzee mzima, akausogelea ule mwanga, akatembeza kichwa kidogo kidogo, kipande chake kile cha jicho kikipita juu ya kioo kama anayepapasa kitambaa kutafuta pale kilipochanika.

“Wako wapi Ndugu Watatu?” akauliza. Sauti ilikuwa kavu, ya mwalimu anayetaka kukukamata.

Hao ndio mashimo yake matatu makubwa, yaliyofuatana kwenye mstari palepale giza linapoanzia. Jina alilitoa mwenyewe. Nilitaka kumwonyesha kwa kidole, nikajizuia.

“Tafuta mwenyewe.”

Akatafuta. Nilisimama na waya mkononi. Kichwa chake kikashuka, kikapanda, kikasimama.

“Huyu mkubwa,” akasema. “Huyu wa kati. Na huyu mdogo... mama, mdogo ana kilima katikati. Nakiona kilima.” Akaweka kiganja kwenye kioo, akakiondoa haraka kama aliyeogopa kukifuta. “Nakiona kilima chake.”

Nikakaa kwenye kiti chake.

Alibaki pale sakafuni muda mrefu. Kisha nikasikia amekohoa, kile kikohozi chake cha kuanza kulalamika kazi ya mtu.

“Lakini hukukaza vizuri.”

“Nini?”

“Umeikaza picha ya darubini kwa jicho lako, na kamera ina jicho lake. Kingo hizi zimelegea. Kidogo tu, robo ya robo ya mzunguko. Unaona hapa? Hapa pangekatwa kama wembe.”

“Mimi naona mwezi, bwana.”

“Ndiyo maana nasema hukukaza vizuri.” Akashika ukingo wa meza, akajiinua. “Nifanye mimi. Nikizungusha mwenyewe kwa mkono nitajua. Tatizo ni kwamba kioo cha kamera sikioni, na televisheni iko huku chini.” Akakipiga chogo cha televisheni kofi dogo, akanigeukia kwa ule upande wake wa kuku. “Huu waya una urefu gani?”

“Hautoshi kufika hata kwenye ngazi.”

“Hm,” akasema. Akaenda hadi mlangoni, akatafuta fimbo yake, nikamsikia anapanda ngazi, moja, anapumzika, nyingine, anapumzika. Sikumfuata. Juu ya kichwa changu nikasikia miguu ya darubini ikisogezwa kidogo kulia, kisha kofia ya kioo chake ikifungwa vizuri, kwa sababu mimi nilikuwa nimeiacha wazi.

Jumapili mpwa wake alifika jioni, kamba begani, glavu mkononi, na blanketi la kuivika darubini isikwaruzwe njiani. Ni dereva, mtu mwema, mwenye mwili wa kutosha.

“Shikamoo mjomba. Shikamoo mama. Haya, iko wapi tuishushe? Pikapu nimeiacha barabarani, nisije nikazibia watu njia.”

Mume wangu alikuwa amevaa sweta na viatu, matone ya dawa yamemkaukia shavuni.

“Umefanya vizuri kuja na blanketi,” alimwambia. “Ivike televisheni.”

“Televisheni?”

“Hiyo hapo. Chomoa nyaya zote, ila ule wa njano umpe mama yako aushike. Inakwenda juu ya paa.”

Mpwa akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

“Mjomba, uliniambia nakuja kushusha darubini.”

“Darubini ina kazi. Waambie walimu waje na watoto wao hapa, siku yoyote mwezi ukiwepo, nitawaonyesha mwenyewe. Shika huko kwenye chogo, ndiko kwenye uzito. Na upesi, mwanangu, leo jua limefika kwenye ukuta wa shimo la mwezini ambalo sijaliona mwaka mzima.”

Walipanda hivyo. Mpwa mbele akitembea kinyumenyume, televisheni imevikwa blanketi, mume wangu nyuma, mkono mmoja ukutani na mwingine umeegemezwa kwenye kioo, akitoa amri: inua, geuka, angalia kona, usipumue kama ng’ombe. Kwenye ngazi ya katikati mpwa aliomba aweke chini kidogo.

“Mjomba, hiki kitu kina uzito wa dhambi! Kwa nini hamnunui ile bapa?”

“Weka chini ukichoka,” mume wangu akamwambia, “lakini mwezi hausubiri.”

Nikawapita pembeni, kamera shingoni, waya wa njano mkononi na ekstensheni ya umeme begani, nikatangulia kufungua mlango wa paa.